Mgonjwa Aliye Njiani ni wa Nani?



Mwezi Oktoba mwaka 2015, katika jiji la Nairobi, nchi jirani ya Kenya, mtu mmoja aligongwa na gari akaumia vibaya kichwani. Hakuachwa barabarani. Alifikishwa hospitali, na hospitali hiyo ilipoona kwamba anahitaji chumba cha wagonjwa mahututi, iliamua ahamishiwe kwingine. Gari la wagonjwa lilikuwapo, dereva alikuwapo, na mhudumu mwenye ujuzi wa huduma ya kwanza alikaa ubavuni pa majeruhi. Lakini kila mlango uliobishwa ulikuwa na jibu lake. Hapa kitanda hakuna. Hapa malipo hutangulizwa. Nendeni kule. Muda wa saa 18 hivi ulipita majeruhi yule akiwa ndani ya gari lile. Alipopokewa hatimaye, wakati wa kumwokoa ulikuwa umekwisha kupita. Alifariki dunia.

Kisa hicho kiliwatia simanzi wananchi wa Kenya, na ni haki yao. Lakini wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kisa cha Nairobi hakikutokea kwa sababu Wakenya hawana huruma, wala kwa sababu nchi yao haina sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, inatamka kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Baadaye Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliifafanua haki hiyo. Ilieleza kwamba matibabu ya dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kuituliza hali ya mgonjwa, na kumpangia uhamisho pale ambapo kituo cha kwanza hakina uwezo wa kumtibu. Sheria hiyo iliweka pia faini isiyozidi shilingi milioni tatu za Kenya kwa kituo kinachoshindwa kutoa matibabu hayo hali kina uwezo.

Hizo ni hatua za kupongezwa. Hata hivyo, ipo sehemu moja ya safari ya mgonjwa ambayo haitawaliwi na maneno ya sheria peke yake. Nayo ni ile iliyo kati ya lango la hospitali inayomtoa na lango la hospitali inayompokea. Daktari aliyemtoa huhesabu kwamba kazi yake imekwisha. Daktari wa kule anakokwenda huhesabu kwamba kazi yake haijaanza. Dereva kazi yake ni usukani. Je, katika muda huo, mgonjwa yule ni wa nani?

Askari yeyote analo jibu la swali hili, maana ni jambo afundishwalo katika siku zake za mwanzo kabisa za mafunzo. Askari wa lindo haliachi lindo lake mpaka afike mwenziwe wa kumpokea. Haondoki kwa sababu zamu yake imekwisha kwa saa, wala kwa sababu ameambiwa kwamba mwenziwe yuko njiani. Huondoka akisha kumwona, akampa habari za lindo, na mwenziwe akakubali kwamba sasa lindo ni lake. Kama kanuni hiyo hulinda ghala na daraja, kwa nini isilinde uhai wa binadamu?

Inafaa kwanza kueleza ni kwa namna gani ucheleweshaji huu unaua, maana wengi hudhani kwamba mgonjwa akisha kufika katika hospitali yoyote, hata ndogo, amekwisha kuokoka. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, walichapisha maelezo ambayo mpaka leo hutumiwa ulimwenguni kote kueleza vifo vya wazazi. Walisema kwamba ucheleweshaji ni wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta tiba. Wa pili ni kuchelewa kufika penye tiba. Wa tatu ni kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Lakini mgonjwa anapohitaji kuhamishwa, ucheleweshaji huo wote watatu huanza upya. Mganga wa kituo kidogo huchelewa kuamua kwamba jambo limemshinda. Gari huchelewa kufika. Na hospitali kubwa, ambayo haikuarifiwa, huchelewa kumwandalia daktari, damu na chumba cha upasuaji. Mgonjwa aliyekwisha kupoteza saa kadhaa akitoka nyumbani hupoteza saa nyingine mikononi mwa wale wale waliopaswa kumwokoa.

Na mwili wa binadamu hauna subira. Mama aliyejifungua akianza kutokwa damu nyingi, anaweza kufa katika muda wa saa mbili asipotibiwa. Mtu aliyepigwa kichwani huweza kuzungumza vizuri na hata kuwaulizia jamaa zake, kumbe damu inakusanyika polepole kati ya fuvu na ubongo. Dalili za hatari zikitokea, kila dakika inayopita bila upasuaji hupunguza tumaini. Mtoto aliye tumboni mwa mama ambaye uzazi wake umekwama hukosa hewa huku gari likiwa bado linatafutwa.

Ziko hatari nyingine ambazo huzaliwa na safari yenyewe. Mtungi mdogo wenye lita 340 za oksijeni, ukimpa mgonjwa lita 10 kila dakika, utamalizika katika dakika 34. Safari iliyokadiriwa kuwa ya nusu saa ikirefuka kuwa saa mbili kwa sababu ya msongamano wa magari, au mto uliofurika, au lango lililofungwa, mtungi huo utakuwa mtupu kabla mgonjwa hajafika nusu ya njia. Askari anayehesabu risasi zake kabla ya doria ataelewa hesabu hii bila kufundishwa. Vivyo hivyo dripu humalizika, na dawa ya kutuliza maumivu huisha nguvu. Na ikiwa ndani ya gari hakuna muuguzi, hakuna atakayetambua kwamba mgonjwa ameacha kupumua mpaka mlango ufunguliwe.

Jeshi limekuwa mwalimu wa hospitali katika jambo hili tangu zamani. Mwaka 1792, mganga wa jeshi la Ufaransa aliyeitwa Dominique Jean Larrey aliona jinsi majeruhi walivyoachwa uwanjani mpaka vita viishe, kwa sababu magari ya waganga yalitakiwa kukaa mbali nyuma. Larrey alibuni magari mepesi ya kukokotwa na farasi, yaliyowafuata majeruhi pale pale walipoangukia. Shabaha yake haikuwa kukimbiza farasi tu. Alitaka kila gari liwe na waganga wake, zana zake na utaratibu wake, ili tiba ianze kabla ya safari kumalizika.

Karne mbili baadaye somo hilo lilirudiwa. Mwaka 2009, Robert Gates, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alitoa amri kwamba majeruhi mahututi wa jeshi lake nchini Afghanistan wafikishwe penye tiba katika muda usiozidi dakika 60. Vita vile vina maswali yake mengine, ambayo si ya mazungumzo haya. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusu majeruhi zaidi ya 21,000 wa kati ya mwaka 2001 na 2014, ulionyesha kwamba muda wa kati wa kuwasafirisha ulishuka kutoka dakika 90 hadi dakika 43. Majeruhi waliokufa walishuka kutoka asilimia 13.7 hadi asilimia 7.6. Jambo la kuzingatia ni hili: amri ile ilitaja muda, ikataja wa kuwajibika, na kwa sababu hiyo ikalazimisha helikopta na hospitali za vitani ziongezwe. Wasingeweza kujua upungufu wao kama wasingeanza kuhesabu dakika.

Msikilizaji atasema kwamba hiyo ni nchi tajiri, yenye helikopta na fedha. Ni kweli. Kwa hiyo mfano unaofaa zaidi hauko Marekani. Uko karibu sana, ng'ambo ya mpaka wa magharibi, katika nchi ya Burundi.

Kabezi iko kusini mwa Bujumbura, katika nchi ya milima inayoliangalia Ziwa Tanganyika. Wakazi wa wilaya hiyo ya afya walikuwa kiasi cha laki mbili, na Burundi ilikuwa nchi maskini iliyotoka katika miaka mingi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Serikali ya Burundi ilikuwa imekwisha kuondoa malipo ya kujifungua, na ya matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano, tangu mwaka 2006. Hata hivyo mama aliyepatwa na matatizo ya uzazi juu ya mlima hakusaidiwa na huduma ya bure iliyokuwa bondeni, kama hakuwa na njia ya kuifikia.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifungua Kabezi kituo cha dharura za uzazi, na kukiunganisha na vituo tisa vya uzazi vilivyotawanyika wilayani. Mkunga wa kituo kidogo alipoona dalili za hatari, aliita kwa redio ya upepo au kwa simu. Gari liliondoka, usiku au mchana, likiwa na mtaalamu ndani yake. Kule lilikotoka watu walikwisha kujua ni mgonjwa wa namna gani anayekuja, na walikuwa tayari kumpokea. Hakuna mama aliyeulizwa fedha langoni.

Mwaka 2011 gari liliitwa mara 1,478. Wachunguzi waliipima kila safari, tangu mkunga alipoita mpaka mgonjwa alipofika. Walikuta kwamba nusu ya safari hizo zilikamilika katika dakika 78 au pungufu, ingawa robo moja zilizidi dakika 130. Tena waligundua jambo ambalo kila mwenye dhamana ya afya angepaswa kulibandika ukutani. Pale ambapo safari ilizidi muda wa saa tatu, uwezekano wa mtoto mchanga kufa katika siku zake za kwanza ulikaribia kuwa mara mbili. Shirika hilo lilikadiria kwamba mpango mzima, yaani gari pamoja na tiba iliyokuwa ikisubiri mwisho wa safari, ulipunguza vifo vya wazazi wilayani humo kwa asilimia 74.

Na je, mpango huo ulihitaji msafara wa magari? La. Magari yaliyotumika, kwa hesabu ya wastani, hayakufika mawili. Gharama ya usafirishaji kwa mwaka ilikuwa euro 85,586, ambazo ni euro 61 kwa kila mama aliyehamishwa. Gharama hiyo ikigawanywa kwa wakazi wote wa wilaya, kila mmoja alichangiwa senti 43 za euro kwa mwaka mzima. Nairobi, jiji lenye hospitali nyingi na magari mengi, majeruhi alikaa njiani saa 18. Kabezi, penye milima na magari yasiyofika mawili, nusu ya wagonjwa walifika katika dakika 78. Tofauti haikuletwa na wingi wa vyombo. Kabezi kila mgonjwa aliyeondoka alikuwa tayari ana mwenyewe kule alikokwenda.

Majirani wengine nao wana ya kufundisha. Rwanda iliunda huduma yake ya taifa ya magari ya dharura mwaka 2007, ikiwa na namba moja ya simu, 912, kwa nchi nzima. Kisha mwaka 2016 ilianza kupeleka damu katika hospitali za vijijini kwa ndege ndogo zisizo na rubani, zikirushwa kutoka Muhanga. Hekima ya mpango huo ni kwamba si kila mara mgonjwa ndiye anayepaswa kusafiri. Hospitali ya wilaya yenye daktari na chumba cha upasuaji, lakini isiyo na damu ya kundi linalotakiwa, ilikuwa ikilazimika kusubiri gari la damu au kumtia mgonjwa barabarani. Pale ambapo damu inaweza kumfuata mgonjwa, safari moja ya hatari huepukwa.

Nchini Uganda, katika wilaya nne za magharibi, ulitekelezwa kati ya mwaka 2012 na 2017 mpango uliolenga ucheleweshaji wote wa aina tatu kwa pamoja. Waja wazito walipewa hati za kulipia usafiri wa pikipiki, magari ya wagonjwa yaliwekwa chini ya uratibu wa wilaya, na vituo vya upasuaji viliongezwa. Vifo vya wazazi katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Tanzania nayo haikukaa kitako. Mpango unaoitwa m-mama, ulioanzia katika maeneo ya Sengerema na Shinyanga, ulizinduliwa kwa ajili ya nchi nzima mwaka 2022. Mwenye dharura ya uzazi, au mganga wa zahanati, hupiga namba 115 bila malipo. Mratibu huuliza dalili, huamua mgonjwa aende kituo gani, na hutafuta gari. Kama gari la wagonjwa liko mbali, huitwa dereva wa kawaida wa mahali pale aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa kwa njia ya simu. Mpango huo una jambo lile lile lililofanya kazi Kabezi, yaani mtu mmoja anayejua mgonjwa yuko wapi, anakwenda wapi, na nani anamsubiri. Mama mjamzito na mtoto mchanga wamewekewa utaratibu huo. Majeruhi wa ajali ya barabarani, na mtu aliyepatwa na ugonjwa wa ghafula wa moyo, nao wana haki ya kupata mpango wa namna hiyo.

Ziko methali mbili ambazo watu wengi huzitaja kana kwamba zinapingana. Moja husema, haraka haraka haina baraka. Nyingine husema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Katika kuhamisha wagonjwa methali zote mbili ni za kweli. Kumtupa mgonjwa garini na kumkimbiza, damu ikiwa inamtoka, njia yake ya hewa haijafunguliwa, na kule aendako hakuna aliyeambiwa, ni haraka isiyo na baraka. Kumweka kitandani kwa saa tano akisubiri saini na simu ni kule kuchelewa ambako mwana hukutwa si wako. Lililo jema ni kumtuliza kwanza kwa yale yanayowezekana, na wakati huo huo kuita gari na kuiarifu hospitali inayompokea. Kazi hizo hufanywa pamoja, zisisubiriane.

Ni nini basi wajibu wa askari katika jambo linaloonekana kuwa la madaktari?

Kwanza, askari polisi mara nyingi ndiye ofisa wa kwanza wa serikali kumfikia majeruhi wa ajali. Taarifa yake ya redio inaweza kuokoa saa nzima. Akisema tu kwamba kuna ajali, hospitali haijui ijiandae kwa nini. Akisema ni majeruhi wangapi, nani hana fahamu, nani anatokwa damu, na wanapelekwa wapi, amekwisha kumwamsha daktari wa zamu kabla gari halijawashwa.

Pili, fomu ya polisi ya majeruhi, inayojulikana kwa wote kama PF3, ni karatasi ya ushahidi na upelelezi. Kazi yake ni muhimu, na askari hana budi kuijaza kwa uaminifu. Lakini damu inayomwagika haisubiri karatasi. Askari mwenye busara huwaacha waganga watibu, kisha huifuata hospitali fomu yake. Asiwatume jamaa wa majeruhi kuzunguka vituoni huku ndugu yao akikata roho.

Tatu, askari wa usalama barabarani anapolifungulia njia gari la wagonjwa, hafanyi hisani. Katika msongamano wa magari au kwenye kizuizi, dakika tano anazoziokoa zinaweza kuwa dakika tano za mwisho za oksijeni iliyo mtunguni.

Nne, makamanda na waganga wa majeshi wanayo elimu ambayo nchi inaihitaji. Mazoea ya kuhesabu vifaa kabla ya safari, kutoa taarifa fupi iliyo kamili, na kupokezana dhamana kwa ana ni ya kila siku kambini. Pale ambapo hospitali ya jeshi inawahudumia raia, au kikosi kinaitwa kusaidia katika mafuriko, mazoea hayo yaonekane, ili wauguzi na madereva wa kiraia wajifunze.

Ndugu wasikilizaji, Afrika Mashariki itaendelea kwa muda kuwa na hospitali kubwa chache na barabara ndefu. Wagonjwa wataendelea kuhamishwa. Hakuna nchi katika eneo hili iwezayo kuweka daktari wa upasuaji wa ubongo katika kila wilaya kwa mwaka mmoja. Lakini kila nchi yaweza, kuanzia usiku wa leo, kutoa agizo lisilohitaji fedha nyingi: kwamba hakuna mgonjwa atakayeondoka mpaka yule anayempokea ajulikane kwa jina na kwa cheo, kwamba yule anayempokea hatamrudisha langoni, na kwamba saa ya kuita, saa ya kuondoka na saa ya kufika zitaandikwa katika kitabu, na mkubwa wa kazi atakikagua kila juma.

Burundi ilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana penye milima na umaskini. Kenya ilionyesha, kwa gharama ya uhai wa mtu, yanayotokea pasipo utaratibu huo. Mgonjwa aliye njiani ni lindo, na lindo haliachwi mpaka lipokewe.